Kipa Mmoja kwa Chipukizi Wawili

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nina neno lililonikaa rohoni tangu Agosti ya mwaka jana, na mhariri wa chama chetu cha Kiswahili aliponitaka niandike makala ya michezo nikaona hapa ndipo pa kulitolea. Wengi walitarajia nieleze jinsi timu ya shule yetu ilivyofungwa na majirani. Hayo nawaachia wenye machungu nayo. Mimi nitaeleza biashara moja ya mpira inayofanywa mbele ya macho yetu, nasi tukaiita usajili tu. Ni ile ya timu kutoa vijana wake wanaochipukia ili ipate mchezaji mmoja aliyekwisha komaa.

Naanza na yaliyotufika sisi. Mtaani kwetu, huku Likoni, tuna timu ya mpira ambayo mimi ni karani wake. Sikuchaguliwa kwa kucheza vizuri, manake mimi huanza benchi na humalizia benchi. Nilichaguliwa kwa sababu ya hati yangu. Kamati hukutana katika duka la kinyozi, Jumapili baada ya alasiri, na kazi yangu ni kuandika yanayosemwa katika daftari la kurasa 96.

Jumapili hiyo mashindano ya mtaa yalikuwa yamebakiza wiki tatu. Kipa wetu alikuwa amepata kazi Mariakani, na yule wa akiba alikuwa akipokea mpira kama mtu anayepokea sufuria ya moto. Timu moja ya ng'ambo, upande wa Kisauni, ilikuwa na kipa wa miaka thelathini na kitu aliyewahi kudakia ligi za juu. Walikuwa tayari kumwachilia, lakini si bure. Walitaka vijana wetu wawili: kiungo wa miaka 17 na winga wa kushoto wa miaka 15. Huyo winga ndiye niliyekuwa nikiketi naye dawati moja tangu Kidato cha Kwanza.

Mazungumzo yalikwisha kabla mteja aliyekuwa kitini hajamaliza kunyolewa. Mzee mmoja peke yake ndiye aliyeuliza, "Na hao watoto mumewauliza?" Mwenyekiti akajibu, "Watoto hawaulizwi mzee wangu, huambiwa. Kombe ni la mwezi ujao. Vijana Likoni wamejaa, tutapata wengine." Kisha akanigeukia: "Karani, andika." Nikaandika hivi: "Wawili wameenda, mmoja amekuja." Hayo ndiyo yote. Hapakuwa na majina kamili, wala sahihi, wala masharti. Hata tarehe sikutia. Nakiri kosa hilo mapema ili nisionekane nawasema wengine tu.

Sasa msomaji usidhani mwenyekiti wetu ni mjinga. La hasha! Yeye anauza samaki wa kukaanga, na mwuza samaki anajua kuwa kisichouzwa leo kesho kina bei nyingine. Mawazo yake yalikuwa haya: kijana ni kama mnazi mchanga. Unaupanda, unaumwagilia, na unangoja miaka sita au saba kabla hujaona nazi. Huenda ukazaa sana, huenda pia ukaliwa na wadudu ukabaki na gogo. Mchezaji mkongwe naye ni dafu lililokwisha angushwa. Unalipasua leo na unakunywa leo. Mwenye kiu hapandi mnazi.

Tena kazi yenyewe ilikuwa ya kipa, na kipa ni mtu wa ajabu katika mpira. Mshambuliaji akikosa mara tano akafunga mara moja hubebwa mabegani. Kipa akidaka mara tano akaachia mara moja hutukanwa mpaka mlangoni kwao. Ndiyo maana timu hutafuta kipa aliyekwisha kosea makosa yake kwingine. Dino Zoff wa Italia alikuwa na miaka 40 aliponyanyua Kombe la Dunia mwaka 1982 akiwa nahodha. Mshambuliaji wa umri huo angekuwa anatazama nyumbani na wajukuu.

Nilipokuwa nikitafuta kama wengine duniani wamewahi kufanya biashara kama yetu, nilikuta kisa cha Marekani kinachofanana nayo kama pacha. Ni cha mchezo wa besiboli. Dada zetu wanaocheza raunda watauelewa upesi: kuna anayerusha mpira, kuna anayeupiga kwa gongo, na anayepiga hukimbia kuzunguka vituo. Anayerusha, yaani mrushaji, ndiye kama kipa wetu kwa uzito na kwa lawama. Akiwa imara timu inatulia, akilegea wote wamekwisha.

Basi tarehe 12 Agosti 1987 timu ya Detroit Tigers ilikuwa iking'ang'ania uongozi wa kundi lake. Ilitaka mrushaji mzoefu, tena upesi. Ikamchukua Doyle Alexander wa Atlanta Braves, mwenye miaka 36, ikatoa kijana wa miaka 20 aitwaye John Smoltz, ambaye hakuwa hata amepandishwa kuchezea timu kubwa. Kijana mwenyewe alikulia Lansing, katika jimbo lilelile la Michigan ilipo Detroit. Alikuwa mtoto wa nyumbani, kama winga wetu.

Mwanzoni Detroit walionekana mabingwa wa akili. Alexander alipewa ushindi katika michezo tisa na hakushindwa hata mmoja, na timu ikamaliza juu ya Toronto kwa tofauti ya michezo miwili. Mwenyekiti wetu angekuwako angepiga kofi la furaha. Lakini hatua iliyofuata walitolewa na Minnesota Twins kwa michezo minne kwa mmoja, na Alexander akapoteza yote miwili aliyoanzishwa. Mwaka 1989 akastaafu. Yule kijana je? Smoltz alibaki Atlanta mpaka 2008. Akatwaa ubingwa nao mwaka 1995, mwaka 1996 akatuzwa kuwa mrushaji bora wa ligi yake, na mwaka 2015 akaingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo.

Wengi huishia hapo wakawacheka Detroit. Mimi siwacheki sana. Walitaka kumaliza juu mwaka ule na walimaliza juu. Atlanta nao walikuwa chini mwaka ule, hawana haraka, kwa hivyo waliweza kupanda mnazi na kungoja. Kila mmoja alipata alichokitafuta. Ninachokitazama mimi ni kwamba bei ya Alexander ilionekana siku ileile, bali bei ya Smoltz ilichukua karibu miaka kumi kuonekana yote. Aliyekuwa na njaa alisoma bei moja tu.

Huku kwetu Afrika Mashariki timu nyingi hazibadilishani watu kwa watu, hutoa pesa. Lakini mizani ni ileile ya chipukizi na mkongwe. Tazama Simba ya Dar es Salaam. Mwaka 2011 ilimuuza Mbwana Samatta kwa TP Mazembe ya Lubumbashi, na alikuwa hajatimiza miaka 19. Mazembe walimwona pale timu hizo mbili zilipokutana katika mashindano ya Afrika mwaka huohuo. Mwaka 2015 Samatta akatwaa ubingwa wa Afrika na Mazembe. Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, akafunga mabao 23 katika ligi ya huko msimu wa 2018-19, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mnazi ulizaa, lakini ulizaa katika shamba la watu.

Baada ya ubingwa wa 2011-12 Simba ilikaa misimu mitano bila kombe la ligi. Mwaka 2017 ikaamua kununua madafu. Kutoka Azam ikawachukua kipa Aishi Manula, John Bocco, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni. Emmanuel Okwi akarudi kutoka Uganda, na Haruna Niyonzima akatoka Yanga. Wote wanajulikana, wote wamekwisha iva. Msimu uleule wa 2017-18 Simba ikawa bingwa na Okwi akafunga mabao 20. Kwa hivyo anayesema kununua wakongwe ni kosa siku zote, huyo nami hatupatani. Hata hivyo, msimu uliofuata Simba ilifika robo fainali ya Afrika, na walioitoa ni Mazembe haohao, kwa mabao manne kwa moja kule Lubumbashi baada ya sare Dar es Salaam.

Na Mombasa yetu? Jamani, hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 1965 bingwa wa ligi ya Kenya alikuwa Feisal, timu ya Mombasa. Tangu hapo mpaka msimu wa 2024-25 kombe hilo halijavuka tena kuja Pwani. Bandari ya Mbaraki ilikaribia. Ilishika nafasi ya pili mwaka 2018 na tena msimu wa 2018-19, na mwaka 2019 ikachukua ngao kwa kuwafunga Kariobangi Sharks tatu kwa moja. Lakini Bandari ina Halmashauri ya Bandari nyuma yake. Timu yenye mwenyewe inaweza kumngoja kijana akakomaa huku akila na akilala vizuri. Timu ya mtaa, ambayo mipira yake hununuliwa kwa mchango wa shilingi hamsini hamsini, itamngojaje? Kila anayekuja na mkono mrefu huondoka na mtoto.

Kwa sababu hiyo nilipata furaha kubwa kujua kuwa kuna kanuni inayomkumbuka mpanda mnazi. Wachezaji wenzangu karibu wote hawakuijua, na hata mwenyekiti aliisikia kwangu. Tangu mwaka 2001 FIFA imeweka kanuni kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hukatwa na kugawiwa vilabu vilivyomlea tangu miaka 12 hadi miaka 23. Mgawanyo wenyewe ni huu. Kila mwaka wa umri kati ya miaka 12 na 15 una robo ya asilimia moja ya bei. Kila mwaka wa umri kati ya miaka 16 na 23 una nusu ya asilimia. Miaka minne ya mwanzo ni asilimia 1, miaka minane ya baadaye ni asilimia 4, jumla 5. Mwalimu wa Hisabati akisoma hapa naomba anipe alama zangu.

Robo ya asilimia yaonekana ndogo kama punje ya mtama. Hebu tuipime. Mwaka 2013 Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alitoka Celtic ya Uskoti akaenda Southampton kwa bei iliyotangazwa kuwa pauni milioni 12.5. Robo ya asilimia ya pesa hizo ni pauni 31,250. Hiyo ni kwa msimu mmoja tu wa mtoto wa miaka 12 au 13! Kwa pesa hizo timu kama yetu ingenunua njumu za mtaa mzima na bado tukajenga choo uwanjani.

Lakini, na hii lakini ni nzito, pesa hizo haziji kwa sababu watu wa Likoni wanakumbuka kuwa fulani alicheza kwao. Kilabu kiwe kimesajiliwa na shirikisho la mpira, na mchezaji naye awe ameandikishwa kwa jina la kilabu hicho, msimu kwa msimu, kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Aliyemlea mtoto miaka minne bila karatasi, mbele ya sheria hakumlea. Tena hata mwenye karatasi huweza kuhangaishwa. Januari 2013 Simba ilimuuza huyohuyo Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, ikazingoja pesa zake mpaka kesi ikafika FIFA. Ikiwa Simba yenye wanasheria ilisumbuka hivyo, daftari langu la kurasa 96 lisilo na tarehe litamtisha nani?

Turudi kwetu nimalize kisa. Kipa alikuja, na siwezi kumsingizia: alikuwa kipa. Alidaka kwa utulivu, alipanga mabeki kwa sauti kama ya nahodha wa jahazi, na katika nusu fainali alizuia mikwaju miwili ya penalti. Fainali tulishinda bao moja kwa bila. Tukapewa kombe, mipira miwili na shilingi elfu ishirini. Mtaa mzima uliimba mpaka usiku. Mimi pia niliimba, nisiseme uongo. Januari kipa akapata timu Kilifi akaenda zake, na hakuna aliyeweza kumzuia kwa kuwa naye hakuwa ametia sahihi popote.

Winga wetu alibaki anakaa Likoni kwao lakini anachezea Kisauni. Mazoezi yalikuwa siku nne kwa juma. Kengele ya saa kumi ikilia yeye huyo mbio feri. Kwenye feri wa miguu halipi, lakini kutoka hapo mpaka Kisauni ni matatu, na nauli aliyoahidiwa alipewa majuma mawili ya mwanzo tu. Siku nyingine alikuwa akipanda mpaka mjini na kipande kilichobaki akikimalizia kwa miguu. Alirudi nyumbani saa tatu, saa nne za usiku. Asubuhi darasani kichwa kilikuwa juu ya dawati, nami nikimpiga kikumbo mwalimu akikaribia. Muhula wa tatu alishuka kutoka nambari 9 hadi nambari 38.

Hapo ndipo mamake alipokuja kwa kinyozi. Alisimama mlangoni, hakukubali kiti. Akasema, "Mwanangu mumemfanya mbuzi wa kubadilishwa? Mimi mzazi wake nimeambiwa na mtoto mwenyewe! Hebu nambieni, alibadilishwa kwa nini, na mimi nilipewa nini, na yeye alipewa nini?" Mwenyekiti akamwambia, "Mama, mpira ndivyo ulivyo." Mama akajibu, "Basi mtoeni wako." Kinyozi alizima mashine. Nilitazama daftari langu nikaona aibu, manake majibu yote aliyoyataka mama yule yalipaswa kuwa mle ndani kwa hati yangu mimi.

Aprili mwaka huu mtoto alionekana katika michezo ya shule na watu wa timu moja ya Nairobi, wakamchukua pamoja na ahadi ya shule ya bweni. Safari hii mamake alisoma karatasi kabla ya kutia sahihi, na aliniita nimsomee tena. Yule kiungo wa miaka 17 aliacha mpira, sasa yuko kwenye bodaboda. Dawati langu nimekaa peke yangu. Mwenyekiti alipopata habari za Nairobi aliniuliza kwa upole kabisa, "Karani, kwani sisi tuliandikiana wapi na wale wa Kisauni?" Nikamfungulia ukurasa ule wenye maneno manne. Aliusoma, akaufunga, akaniagizia chai.

Tangu Juni tumeanza kusajili. Ada imetusumbua, na mwenyekiti ametoa sehemu yake mwenyewe kutoka kwenye samaki. Mimi nimenunua daftari jipya, gumu la jalada. Kila mchezaji ana ukurasa wake: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, siku aliyoanza kuja mazoezini, na sahihi ya mzazi. Tumekubaliana pia kwamba hatoki mchezaji wa chini ya miaka 18 kabla mzazi hajaitwa na kusikizwa, na kwamba suala la nauli na masomo liandikwe. Mpaka ninapoandika haya wachezaji 11 wameleta nakala za vyeti, 8 bado. Wawili kati ya hao wanane hawana vyeti kabisa, na Jumatatu nitakwenda nao kwa chifu kuuliza tuanzie wapi. Kipa wa akiba, yule wa sufuria ya moto, ana miaka 14. Yeye ndiye aliyeleta cheti chake wa kwanza.